Bwana Sakarani na Polisi wa Mlimani

Jeshi la Polisi la Tanganyika lilitangazwa katika gazeti la serikali tarehe 25 Agosti 1919. Mkuu wake wa kwanza alikuwa mtu wa cheo cha kijeshi, Meja S. T. Davis. Makao makuu hayakuwekwa Dar es Salaam, wala Tanga penye bandari, wala Tabora penye njia panda ya reli na misafara. Yaliwekwa Lushoto.

Anayepanda leo kutoka Mombo, kona baada ya kona, akayapita maporomoko ya Soni na kufika mjini huku masikio yameziba kwa mwinuko, anaweza kujiuliza kwa nini polisi wa nchi nzima walianzia huku juu penye ukungu na mikaratusi. Hapa hapana bandari wala reli. Jibu la haraka ni kwamba Waingereza walirithi nyumba za Wajerumani. Ni kweli, ila jibu hilo linaanzia katikati ya hadithi. Kabla ya Davis, milima ya Usambara ilikuwa imekaa zaidi ya miaka 20 chini ya watu wa aina moja: wanajeshi waliokuja na bunduki, wakabaki kuhukumu, kufunga jela, kutoza kodi na kupima mitaa. Penye miji mikubwa kazi hizo hugawanywa kwa watu mbalimbali. Kuna kamanda wa jeshi, kuna mkuu wa polisi, kuna hakimu, kuna meya. Hapa zote zilikaa mikononi mwa mtu mmoja, na watu wakampa jina linaloeleza alichokifanya kutwa nzima: Bwana Shauri.

Utawala haukuletwa Usambara na wageni. Kwa karne moja na zaidi kabla ya Wajerumani, Shambalai, yaani Usambara, ilikuwa na mfalme wake, Simba Mwene, aliyekaa Vuga. Ukoo wa Kilindi ulihesabu nasaba yake hadi kwa Mbega, mwindaji aliyewaua nguruwe waharibifu na simba, naye akapewa nchi na wenyeji. Abdallah bin Hemedi, aliyekuwa karani wa Semboja wa Mazinde, aliyaandika hayo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, kitabu kilichoanza kuchapwa Magila mwaka 1895. Ni mojawapo ya vitabu vikubwa vya historia vilivyoandikwa na Mwafrika Mashariki kwa lugha yetu wenyewe, na inasikitisha kwamba wanafunzi wengi wa Tanga humaliza shule bila kukigusa. Anayekisoma anaona kwamba Simba Mwene, kwa ukali wake wote, hakutawala peke yake. Palikuwa na wazee wa Vuga wasio wa ukoo wa Kilindi, palikuwa na watoto wa mfalme katika vilima mbalimbali, palikuwa na wajomba wa kumtetea mtu. Aliyeonewa na mmoja aliweza kukimbilia kwa mwingine.

Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, watoto na wajukuu wake waligawanyika, na vita vya ndugu vikaidhoofisha nchi. Wajerumani wakaikuta hivyo. Mwaka 1895 Semboja alikufa, na mwanawe Mputa, aliyeshika Vuga, akakamatwa kwa kosa la kumwua mtu na kunyongwa na Wajerumani. Kiti wakakipa upande mwingine wa ukoo, kwa Kinyashi. Baada ya hapo hapakuwa na mzee wa Vuga aliyeweza kumwambia mtawala kwamba amekosea. Aliyeamua nani anyongwe na nani avikwe kilemba alikuwa ofisa wa kituo, na polisi waliotekeleza amri walikuwa wake.

Mwaka 1898 kituo hicho kilihamishwa kutoka Mazinde, tambarare kwenye njia ya misafara, kikapandishwa Lushoto. Wajerumani wakaupa mji jina la mfalme wao, Wilhelmstal. Hewa ilikuwa baridi, malaria haikuwa kali kama kule bondeni, na kutoka pale ofisa aliweza kuzifikia kwa miguu au kwa nyumbu Vuga, Mlalo na misitu ya Magamba.

Kwai ilikuwa imekwisha tangulia. Miaka miwili kabla, mwaka 1896, serikali ya Kijerumani ilifungua huko shamba la majaribio, kwenye nyanda za juu kaskazini mwa Lushoto. Msimamizi wa kwanza aliitwa Eick. Alijaribu ngano, viazi na mboga za Ulaya, akazalisha ng'ombe wa mchanganyiko, akafuga nguruwe. Baadaye shamba likakodishwa kwa mlowezi Ludwig Illich, na nyama ya Kwai, pamoja na soseji zake, ikawa inateremshwa hadi pwani kulishwa Wazungu wa Tanga na Dar es Salaam. Anayeyaona leo malori ya kabichi, karoti na viazi yakiondoka Kwai na Lukozi kuelekea masoko ya Dar es Salaam anaona njia ileile, ila sasa mzigo ni wa mkulima mwenyewe na fedha ni zake.

Wakati ule haikuwa hivyo. Nyanda zile za juu zilikuwa malisho ya Wambugu na ng'ombe wao, na mabonde yake yalilimwa na Wasambaa. Kwa Eick, na baadaye kwa Illich, kila kitu kilipatikana mlimani isipokuwa mikono ya kufanya kazi. Mikono hiyo ilikuwa na migomba na mahindi yake ya kupalilia. Hapo ndipo shamba lilipomhitaji Bwana Shauri.

Kuna mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha kazi hizi zote zilivyopangwa juu ya bega moja. Alikuja kuishi safari fupi kutoka Kwai, upande wa Soni, na jina alilopewa na Waafrika bado liko kwenye ramani.

Tom Prince alizaliwa Mauritius mwaka 1866. Baba yake alikuwa Mwingereza, ofisa wa ngazi ya juu wa polisi kisiwani humo. Mama yake alikuwa na asili ya Kijerumani, na kijana alilelewa Ujerumani, akaingia jeshi la nchi ya mama. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa tayari Afrika Mashariki katika jeshi la askari wa kulipwa ambalo ofisa wa Kijerumani Wissmann aliliunda kumpiga Bushiri na watu wa pwani waliowaasi Wajerumani. Januari 1893 aliongoza shambulio juu ya boma la mtemi Isike wa Unyanyembe, karibu na Tabora. Isike, alipoona boma limevunjwa, aliingia katika ghala lake la baruti na kulilipua juu yake mwenyewe na jamaa zake kuliko kutiwa mbaroni.

Mwaka uliofuata, 30 Oktoba 1894, Prince alikuwa miongoni mwa maofisa waliolivunja boma la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, pale Kalenga chini ya Gavana von Schele. Hicho kilikuwa kisasi. Agosti 1891, kule Lugalo, Wahehe walikuwa wamekiangamiza kikosi cha Kijerumani cha Zelewski, yule ambaye watu walimwita Nyundo. Mkwawa aliponyoka Kalenga, na kwa miaka minne akapigana vita vya msituni.

Jina la Sakarani alipewa wakati huo. Neno limetoka Kiarabu na maana yake ni mlevi, mtu aliyepagawa na kileo. Hawakumaanisha kwamba Prince alikunywa. Walimaanisha kwamba vitani aliingia kama mtu asiyeona tena, asiyesikia wala kuhofu. Yeye alilipenda jina hilo.

Mwaka 1896 akapelekwa Uhehe kuanzisha kituo cha kudumu, na hapa ndipo mwanajeshi alipogeuka kuwa kila kitu kingine. Alichagua kilima juu ya Ruaha Ndogo, akapima mahali pa boma, akapanga barabara, akaweka soko, akawakaribisha wafanyabiashara wa Kiswahili, Kiarabu na Kihindi wafungue maduka. Mji wa Iringa tunaoujua umeanzia hapo. Asubuhi alisikiliza mashauri ya ng'ombe, ya wake na ya mipaka. Mchana alituma doria za kumwinda Mkwawa. Mkewe Magdalene, aliyemfuata huko, aliandika shajara iliyochapwa baadaye kuwa kitabu, na ndani yake mtu anaona boma likijengwa siku kwa siku, bustani ikipandwa, na pembeni ya bustani hiyo vita vikiendelea.

Kisa cha Mpangile kinaonyesha madaraka hayo yalivyokuwa. Mpangile alikuwa ndugu yake Mkwawa. Mwisho wa Desemba 1896 Prince alimtawaza kuwa mtawala wa Wahehe, akitumaini watu watamfuata na kumwacha Mkwawa. Mwanzoni mwa 1897, baada ya majuma machache tu, alimshuku kwamba anawasiliana na ndugu yake kwa siri. Akamnyonga. Aliyemtawaza, aliyemshuku, aliyemkamata, aliyemhukumu na aliyetoa amri ya kamba alikuwa mtu yuleyule. Hapakuwa na mlango wa pili wa kugonga. Mtu wa Vuga wa enzi za Kimweri angeuliza: wajomba wako wapi?

Kisha Prince akachoma vyakula. Vijiji vilivyoshukiwa kumlisha Mkwawa viliteketezwa, ng'ombe wakachukuliwa, na rupia 5,000 zikatangazwa kwa atakayemleta. Tarehe 19 Julai 1898 doria iliyoongozwa na sajini Merkl ilimkuta Mkwawa amejipiga risasi. Kichwa chake kilikatwa na kupelekwa bomani. Fuvu hilo, kama inavyojulikana, lilikuja kutajwa katika mkataba wa Versailles wa 1919, na Juni 1954 Gavana Twining alimkabidhi Chifu Adam Sapi fuvu lililotolewa katika jumba la makumbusho la Bremen. Liko Kalenga mpaka leo.

Mwaka 1900 Prince aliacha jeshi. Angeweza kurudi Ulaya na nishani zake. Badala yake alipanda Usambara, akachukua ardhi upande wa Soni, akajenga nyumba, akapanda kahawa na mazao mengine, na shamba akaliita Sakkarani. Jina alilopewa na wale aliowapiga alilichonga kwenye ardhi ya watu wengine kabisa, Wasambaa, ambao hawakuwa na ugomvi naye wowote. Mwaka 1907 mfalme wa Ujerumani akampa usharifu, akawa von Prince.

Sasa alikuwa mlowezi, jirani wa Illich wa Kwai, na shida yao ikawa moja. Mwaka huohuo wa 1907 wilaya ya Wilhelmstal iliweka utaratibu ambao wazee wa Usambara waliusimulia vizazi viwili baadaye: kipande. Kila mwanamume alipewa kadi na kutakiwa kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi 4, kwa ujira mdogo uliowekwa na serikali. Ambaye kadi yake haikujaa alichukuliwa na kupelekwa kazi za serikali, hasa barabara.

Inafaa kuitazama kadi hiyo kwa karibu. Siku 30 si siku 30 zinazofuatana, maana siku ya mvua haikuhesabiwa kama kazi haikufanyika, na siku ambayo msimamizi hakuridhika aliweza kuacha kuitia alama. Mkulima wa Kwai aliyetaka kupanda wakati wa vuli na kupalilia wakati wa masika alilazimika kupachika siku za Mzungu katikati ya siku za shamba lake. Miezi minne ikipita na kadi ina alama 22, alikuwa na deni la siku nane, na deni hilo halikudaiwa na mwenye shamba. Lilidaiwa na boma. Polisi askari walipanda kijijini pamoja na jumbe, wakauliza kadi. Asiye nayo alitembea mbele yao hadi Lushoto, na huko aliyemsikiliza alikuwa Bwana Shauri yuleyule aliyeweka sheria ya kadi, mwenye kuwaamuru polisi wale, mwenye funguo za jela, na ambaye aliweza kuhukumu viboko. Kiswahili kimeihifadhi hesabu yake: hamsa ishirini.

Haikushangaza kwamba wengi walihama kimyakimya, wakaenda bondeni kwenye mkonge au ng'ambo ya mpaka. Kinyashi mwenyewe alikuwa amekwisha kiacha kiti cha Vuga miaka michache kabla, akajitoa katika utawala ambao jina lilikuwa lake na amri ilikuwa ya wengine.

Polisi wa Kijerumani walikuwa jeshi la pili ndani ya nchi. Kufikia 1914 koloni lilikuwa na askari wa jeshi wapatao 2,500 na polisi askari zaidi ya 2,000, wengi wao wakiwa wanajeshi waliomaliza muda wao. Waligawanywa wilaya kwa wilaya, na katika kila wilaya walikuwa chini ya Bwana Shauri wake. Mpaka kati ya askari na polisi, na kati ya polisi na ofisi, ulikuwa kama mstari uliochorwa kwenye vumbi.

Siku moja mstari huo ulifutika mbele ya macho ya watu. Novemba 2, 1914, manowari ya Kiingereza iitwayo Fox ilisimama mbele ya Tanga. Nyuma yake ilikuja misafara ya meli zenye wanajeshi wapatao 8,000 kutoka India. Nahodha wake, Caulfeild, alimwita mkuu wa wilaya ya Tanga, Dakta Auracher, mwanasheria, na kumtaka asalimishe mji. Auracher alipanda melini akiwa mtu wa ofisi. Akasema lazima awaulize wakubwa wake, akashuka, akatuma simu kwa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, kisha akavua nguo za kiraia, akavaa sare ya jeshi na kujiunga na polisi wake na askari kungoja mapigano. Aliondoka melini kama meya, kwa namna ya kusema, na kufikia jioni alikuwa luteni.

Treni zikaanza kuteremka kutoka Moshi kwa reli ileile ya Usambara, ambayo ilikuwa imeanza Tanga miaka ya 1890, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Miongoni mwa waliokuja kupigana Tanga alikuwemo Sakarani. Vita vilipotangazwa Agosti, akiwa na miaka 48, alikuwa amerudi jeshini, akawakusanya walowezi, na katikati ya mwezi huohuo akaiteka Taveta, upande wa Kenya. Sasa aliingia mitaa ya Tanga na kampuni yake. Tarehe 4 Novemba akapigwa risasi, akafa. Mtoto wa ofisa wa polisi wa Kiingereza aliuawa na jeshi la Kiingereza, siku ambayo Wajerumani walipata mmoja wa ushindi wao mkubwa katika vita vya Afrika Mashariki.

     

Juni 1916 Waingereza waliingia Wilhelmstal. Jina la mfalme wa Ujerumani likaondolewa, Lushoto ikarudi kuwa Lushoto. Kwa muda mji huu mdogo ukawa kichwa cha nchi: Horace Byatt, aliyewekwa kuongoza utawala wa kiraia wa maeneo yaliyotekwa, alifanya kazi zake hapa kabla serikali haijateremka Dar es Salaam. Ndiyo sababu polisi walianzia mlimani. Mafaili yalikuwa hapa, nyumba zilikuwa hapa, na nchi yenyewe ilikuwa bado inatawaliwa kijeshi katika fikra za waliokuwa wakiitawala.

Meja Davis hakuacha jina kama Sakarani, na hilo ni jambo la kumshukuru. Jeshi lake jipya, angalau kwenye karatasi, lilitenganisha kazi: polisi wawe chombo cha nchi nzima chenye mkuu wao, wasiwe watumishi wa kila bwana wa wilaya. Lakini utengano ulikwenda polepole mno. Jela ziliendelea kuwa chini ya polisi mpaka 1931 zilipopewa idara yao. Makao makuu yenyewe, kwa mujibu wa historia inayotolewa na Jeshi la Polisi, yalihamia Dar es Salaam mwaka 1930. Na mkuu wa wilaya Mwingereza, ambaye watu waliendelea kumwita Bwana Shauri au Bwana DC, aliendelea kuwa hakimu, mkusanya kodi na mwenye kauli ya mwisho juu ya wapi soko lijengwe.

Wasambaa walilipima hilo tena baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1946 serikali ilianzisha mpango wa Mlalo wa kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kila mwenye shamba la mteremkoni alitakiwa kulima matuta ya kukinga maji. Wataalamu walikuwa na hoja juu ya udongo, kwani milima ilikuwa inapukutika kweli. Waliloshindwa kuliona ni kwamba kazi ya matuta iliwaangukia zaidi wanawake, ilikula siku nyingi, na asiyeifanya alifikishwa barazani na kutozwa faini. Babu aliyebebeshwa kadi ya siku 30 sasa alimwona mjukuu wake akidaiwa matuta, na amri ilitoka bomani palepale. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali iliuacha mpango huo, na TANU, chama kilichodai uhuru, kilipata wanachama wengi katika vilima hivyo.

Baada ya Uhuru polisi walimpata mkuu wao wa kwanza Mwafrika, Elangwa Shaidi. Januari 1964 wanajeshi wa kambi ya Colito walipoasi, watu wa Dar es Salaam walijifunza kwa hofu kwa nini ni vizuri polisi na jeshi wasiwe kitu kimoja. Hata hivyo njia ya kutoka kambini kuja ofisini haikufungwa. Mkuu wa wilaya ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya, na wengi walioshika nafasi hiyo na ile ya mkoa walitoka jeshini. Mmojawapo ni mzaliwa wa Lushoto, Luteni Yusuf Makamba, mwalimu aliyepigana vita vya Kagera, kisha akawa mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam na baadaye katibu mkuu wa CCM. Tofauti kati yake na Sakarani ni kubwa kuliko cheo: alitawala watu wa nchi yake, kwa lugha yao, chini ya sheria iliyomhusu naye, na pembeni yake palikuwa na meya aliyetokana na madiwani.

Majirani nao wamepita njia hiyo, wengine juzijuzi tu. Uganda ilimpa Jenerali Katumba Wamala polisi mwaka 2001, akafuatwa mwaka 2005 na Kale Kayihura, mwanajeshi mwingine, aliyekaa mpaka 2018. Kenya ilimtoa Meja Jenerali Mohamed Hussein Ali jeshini mwaka 2004 kuwa kamishna wa polisi. Na Machi 2020 Rais Uhuru Kenyatta alimkabidhi Meja Jenerali Mohamed Badi, rubani wa jeshi la anga, idara mpya iliyochukua kazi kubwa za jiji la Nairobi: afya, usafiri, maji, taka na upimaji wa ardhi. Gavana aliyechaguliwa alibaki na cheo. Badi alichimba visima vitongojini na kutengeneza njia za waenda kwa miguu, na wakazi wengi wa mitaa ya mabanda waliona maji kwa mara ya kwanza katika bomba lililo karibu. Wanasheria wakauliza swali lingine: mwenye mtaa akidhulumiwa na idara hiyo, akamlalamikie diwani gani? Idara ilifungwa Septemba 2022. Swali hilo lingeeleweka haraka sana kwa mtu aliyesimama mbele ya meza ya boma la Lushoto mwaka 1907 akiwa na kadi yenye alama 22.

Kwai leo ni kata. Ina diwani, watendaji wa vijiji na mabaraza ya kusuluhisha mambo madogo, na ugomvi wa mpaka wa shamba la viazi hauhitaji bunduki. Asubuhi na mapema akina mama wanapanga karoti zilizooshwa kwenye magunia kando ya barabara, wakisalimiana onga makeo kabla ya kuanza kubishana bei na madalali.

Lile shamba la upande wa Soni lilipita kwa wenyewe mbalimbali likafika kwa watawa wa Kibenedikto, ambao wamepanda makadamia na kutengeneza mvinyo. Kibao cha njiani kinaandika Sakharani. Vijana wanaoshusha abiria hapo kwa pikipiki hulitamka jina hilo mara nyingi kwa siku, na abiria anaposema anashukia Sakarani, dereva anachouliza ni iwapo analipa kwa fedha taslimu au kwa simu.